Saa za Njiani Nazo Zinahesabika

Miaka ile hakuna mtu wa jengo letu aliyeyajua mabasi ya Arlington, huku Virginia, Marekani, kunizidi mimi. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Ratiba zao za karatasi nilizijaza kwenye droo ya jikoni mpaka miiko ikakosa pa kukaa, na watu walinipigia simu hata ninaposonga ugali: dada, Jumapili basi la kwanza linapita saa ngapi? Dada, nikishuka kituo cha Pentagon napanda lipi? Nami najibu huku mwiko mkononi, bila kufungua droo. Gari sikuwa nalo na wala sikulitamani. Nililolitamani ni basi lije kwa wakati wake, na hilo halikuwa mikononi mwangu.

Kwa sababu ya basi nilikosa kura yangu ya kwanza. Nilikuwa nimekwisha kuapishwa uraia, nimepiga picha na bendera, picha nimeituma Tanga kwa mama yangu. Siku ya uchaguzi ikafika, Jumanne, mie zamu yangu iko Silver Spring, ng'ambo ya Maryland, kwenye nyumba ya kulea wazee. Natoka nyumbani alfajiri kabla milango ya kura haijafunguliwa, na nikirudi inanibidi nivuke mto, nishuke treni, nidandie basi, halafu nikimbie mpaka kwenye shule yetu ya kupigia kura kabla ya saa moja jioni, maana saa moja ikigonga mlango unafungwa. Siku hiyo ikanyesha mvua ya kukomoa watu. Basi likasimama barabarani kama limepigwa msumari. Nilipofika shuleni, viatu mkononi, mzee mmoja alikuwa anakunja kibao cha mlangoni. Aliniambia pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Nilikaa pale kwenye ngazi nikalia kwa hasira. Nyumbani mume wangu, ambaye kazini kwake ni kuvuka barabara tu, akanipokea na stika ya "nimepiga kura" imemkaa kifuani. Siku mbili sikusema naye vizuri, maskini, na kosa halikuwa lake.

Uchaguzi uliofuata, ule mkubwa wa rais, ulipokaribia, nilikuwa nalalamika chumba cha chai kazini. Mwenzangu mmoja, nesi Mkenya, akaweka kikombe chini.

"Wee, kwani hujui hiyo kitu? Si unaishi Virginia? Unaenda kwa ofisi ya kaunti mapema, unavote, unaenda zako."

Nikamwambia hiyo ni ya wagonjwa na wanaosafiri. Akacheka.

"Soma hiyo fomu vizuri, mama. Wakijumlisha kazi na njia, zikifika masaa kumi na moja wakati kura ziko wazi, wanakuruhusu. Hata hiyo time unakaa kwa basi wanahesabu."

Nilimwambia arudie. Akarudia. Sijui kama nitaweza kuwaeleza furaha niliyoipata. Tangu nianze kazi nchi hii, hakuna mtu aliyewahi kuzihesabu saa zangu za njiani. Mwajiri hazilipi. Mume wangu anaona nimechelewa kupika. Leo serikali yenyewe imeziandika kwenye fomu kwamba nazo ni saa za mtu! Siku hiyo niliwaosha wazee wangu huku naimba, mpaka mmoja akaniuliza kama ninaolewa tena.

Basi nikaanza kazi. Niliandika karatasi kwa mkono wangu: panda basi hili, kaa upande wa kulia ili uone kituo, shuka hapa, panda kilima, ofisi ya kaunti ipo mbele yako, chukua kitambulisho. Jirani mwenye mashine akanitolea nakala. Nikazibandika kwenye duka la vyakula vya kwetu, msikitini kwetu, na kwenye makanisa mawili ya Wakongo na Warundi. Jumamosi ya mwisho kabla ya uchaguzi ofisi ingefunguliwa mpaka saa kumi na moja jioni, na mie ndiyo niliyoichagua, kwa kuwa siku za kazi watu wetu hupita pale kabla haijafunguliwa na kurudi imeshafungwa. Baada ya Jumamosi hiyo hakuna tena. Ukiikosa, umebaki na Jumanne yako na mvua yako.

Mtu niliyemtaka kuliko wote kwenye safari hiyo ni Mama wa ghorofa ya chini. Nitamwita Mama tu, kama tulivyomwita sote. Alitoka Kongo ya mashariki, umri wake umepita sitini, na mwaka mzima tulikuwa tunapanda pamoja basi la saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Tukifika Pentagon mie nashika treni yangu naye anashika yake, kwenda kumtunza bibi mmoja wa Kizungu huko Germantown, Maryland pia. Alikuwa mtu wa maneno machache na kicheko kingi. Kura hakuwahi kupiga maisha yake yote. Kwao miaka nenda miaka rudi hakukuwa na uchaguzi wa maana, na ulipokuja, yeye alikuwa ameshakimbia na wajukuu wawili na sufuria moja. Uraia aliupata mwaka huo huo. Asubuhi moja kituoni aliniambia, bila kunitazama, "Dada, minataka nipige kura hata moja, mbele nikufe." Kabla hajafa, alisema, na hakuwa anaumwa. Alikuwa ananiambia jambo analolitaka, na Mama hakuwa mtu wa kutaka mambo.

Jumamosi nayo ilikuwa siku yake ya kazi. Akaomba ruhusa, mara ya kwanza tangu aajiriwe, wakampa.

Tulikuwa saba kituoni asubuhi hiyo, wanawake watupu, na ungedhani tunakwenda harusini. Mama alivaa kitenge kipya cha rangi ya machungwa, kilemba kimepanda juu mpaka akainama kuingia basini. Mie nilikuwa na buibui langu zuri na kapu la sambusa. Yule nesi Mkenya naye alikuja kutoka Maryland, ingawa kwao utaratibu huo haukuwapo, ati ametusindikiza. Dereva akatuuliza sherehe iko wapi. Nikamwambia sherehe ni sisi, endesha.

Mstari tuliukuta umetoka nje ya jengo na kuzunguka kona. Kwetu mstari mrefu ni adhabu, lakini ule ulikuwa na raha yake. Jua la vuli lilikuwa zuri, watu wamebeba watoto na viti vya kukunja, mzee mmoja anapiga kinanda cha mdomo. Sambusa zangu zilikwisha kabla ya adhuhuri, nusu yake zililiwa na watu nisiowajua, na bwana mmoja aliyekuwa nyuma yetu alikwenda kutununulia kahawa sote saba. Mama alikuwa anauliza kila baada ya muda mfupi, "Bado tunasonga?" Nami najibu, "Tunasonga, Mama." Tulisonga saa nne nzima. Nilikuwa na furaha mpaka nikawa naongea peke yangu.

Ndani walitugawia fomu na kalamu. Unajaza jina, anwani, sababu yako ya kupiga kura mapema, jina la mwajiri, saa ya kutoka nyumbani na saa ya kurudi. Mie nikajaza yangu haraka, nikapewa kura, nikaenda kwenye kibanda, nikatoka na stika. Nikaibandika kifuani, nikasimama mlangoni na nesi, asiyekuwa na kura pale, kuwasubiri wenzangu. Wakatoka mmoja mmoja, wote wana stika. Mama akatoka wa mwisho. Kifuani kwake kitenge kitupu.

"Mama, stika iko wapi?"

"Hapana neno, dada. Banasema nirudie mardi, pale ku masomo karibu na nyumba. Batu bazuri sana."

Anasema hivyo huku anatabasamu na kukaza kilemba. Mardi ndiyo Jumanne, masomo ndiyo shule, na Jumanne yeye angekuwa Germantown tangu milango ifunguliwe mpaka ifungwe. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa kumi kidogo. Nikamshika mkono nikamrudisha ndani, na nakiri nilimvuta kuliko inavyofaa kumvuta mtu mzima.

Mezani alikaa mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Nikamuuliza kwa adabu niliyobakiza kuna nini. Akanionyesha fomu. Hakukosea chochote, alisoma kilichoandikwa. Mama alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake mzuri wa shule za masista, kwamba anatoka nyumbani saa mbili na nusu asubuhi na kurudi saa kumi na nusu jioni. Saa nane. Mtu wa saa nane ana nafasi ya kupiga kura Jumanne kama watu wengine.

Nikamgeukia. "Mama, hii ni nini? Saa mbili na nusu wewe umeshamvalisha yule bibi na kumnywesha chai!"

Akanivuta pembeni, karibu na bomba la maji ya kunywa, akanisemesha kwa sauti ya chini, kama kwamba watu wale wa Arlington wangesikia Kiswahili cha Bukavu.

"Sasa nitaandika saa kumi ya usiku? Bataona ile famiye ya bibi inanitesa. Ile famiye ni batu bazuri, bamenipa na likizo ya leo. Mie siwezi kubachafua jina mbele ya serikali."

"Hakuna anayewachafua, Mama. Wanauliza saa tu."

"Na tena safari haiko mbali. Iko hapa tu."

Iko hapa tu! Hasira ikanipanda, nikafungua mdomo nimseme, na hapohapo nikanyamaza, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nayajua vizuri. Mwenyewe ndiyo ninayomwambia mama yangu Tanga kila Ijumaa. Kazini ni wapi, mwanangu? Hapa tu, mama. Umechoka? Hata. Hivi ndivyo tulivyolelewa: mgeni aliyetembea siku nzima ukimuuliza habari za njiani atakujibu njema, na ukimuuliza mara ya pili anakuona huna adabu. Mwaka mzima nimekaa ubavuni mwa mwanamke huyu ndani ya basi, na kila nilipomuuliza aliniambia Germantown si mbali. Mie bingwa wa mabasi, ratiba droo nzima, nilimwamini, kwa kuwa kuamini kulikuwa rahisi.

"Mama, mficha uchi hazai," nikamwambia.

"Mie nilizaa sita," akajibu, na akacheka, na mie nikacheka ingawa sikutaka.

Kisha nikamwambia tuhesabu. Sikumuuliza kama ni mbali, nilimuuliza anapanda nini. Basi letu mpaka Pentagon. Treni ya kwanza. Anabadilisha mjini, ngazi mbili za umeme, moja imeharibika tangu Pasaka. Treni ya pili mpaka mwisho wa reli. Halafu basi jingine, na hilo likishaondoka anangoja la pili. Halafu anatembea, kwa sababu nyumba za kule zimejengwa kwa ajili ya watu wenye magari, na njia ya miguu inakwisha kabla ya nyumba kuanza. Nilikuwa nahesabu kwa vidole na vidole vikaanza kurudia.

"Ile ya kungoja basi pia inahesabika?" akaniuliza.

"Inahesabika."

"Na ya kutembea?"

"Na ya kutembea, Mama. Yote ni njia."

"Mie nilidhani ile ya kungoja ni kupumzika," akasema.

Yule mama wa mezani alikuwa anatuangalia. Alinyanyuka, akaja mpaka kwenye bomba na fomu mbili, ile iliyojazwa na nyingine tupu. Akasema kwa upole kwamba anaweza kujaza upya, ila akumbuke kwamba pale chini anatia sahihi kwa kiapo kuwa yote aliyoyaandika ni kweli. Nikamtafsiria Mama. Sijawahi kuona uso ukibadilika vile.

"Kiapo? Ile ya kwanza nilitia na kiapo?"

"Ndiyo, Mama."

"Nimedanganya mbele ya Mungu? Mie? Juu ya basi?"

Hapo sikuwa na kazi tena. Miaka yote ya adabu haikushindana na kiapo. Aliichukua ile fomu ya kwanza mikononi mwa yule mama wa mezani, akamwomba ruhusa kwa macho, akapata, akaichana vipande vinne, vinane, akavitia ndani ya pochi yake ili asiache uongo wake kwenye ofisi ya watu. Kisha akaketi, akaandika polepole. Anatoka nyumbani dakika ishirini kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Anarudi dakika arobaini baada ya saa moja jioni. Aliandika mpaka dakika, kwa kuwa sasa alikuwa anaogopa kumwibia Mungu hata dakika moja. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda, mie nimekunja mikono nisiishike ile kalamu nikamwandikia.

Yule mama wa mezani alisoma, akainua miwani, akasoma tena. Akasema zinatakiwa saa kumi na moja, wewe unazo zote kumi na tatu tangu kura zinapofunguliwa mpaka zinapofungwa, na nyingine za ziada huku na huku. Nikatafsiri.

"Basi zile za kubakia," Mama akasema, "ampe mutu mwenye hazimutoshi."

Nilipoyatafsiri hayo, chumba kizima kilicheka, na yule mama alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Akampa kura kwa mikono miwili, sijui nani alimfundisha.

Mama alikaa kibandani muda mrefu. Niliona kilemba chake cha rangi ya machungwa kimetulia juu ya ukuta wa kadibodi, hakitikisiki. Alipotoka akawa na stika, ameibandika kwenye kilemba, mbele kabisa, pale ambapo hata mtu wa barabarani angeiona. Tulipiga vigelegele kule nje, wanawake saba, na bwana yule wa kahawa, ambaye alikuwa bado yupo anamngoja mkewe, akajaribu naye kupiga akashindwa, tukamcheka, akajaribu tena. Nesi wetu Mkenya alilia na kusingizia upepo. Mie sikusingizia kitu. Nililia wazi, na kilio kile kilikuwa kitamu, kikaniosha ile Jumanne yangu ya kwenye ngazi za shule.

Jumanne alfajiri tukakutana kituoni kama kawaida, baridi imeshika. Mama alikuwa na koti lake la kazi, na juu ya koti ile stika, pembe zake zimeanza kujikunja. Basi likaja, tukapanda, tukakaa mahali petu. Mbele yetu alikaa mwanamke mmoja kutoka El Salvador, msafishaji wa ofisi, ambaye mwaka mzima tulikuwa tunaitikiana naye kwa kichwa tu, asubuhi njema, basi. Safari hii aliitazama stika, akatazama nje gizani, akaitazama tena. Akauliza kwa Kiingereza chake, kinachofanana na chetu, tumepigaje kura wakati milango bado haijafunguliwa?

Mama alimweleza. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, akaongeza mikono: basi, kilima, ofisi, Jumamosi, fomu, saa. Saa za kazi na saa za basi, zote. Yule mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuambia yeye ni raia kwa miaka sita sasa, na hajawahi kupiga kura hata mara moja, kwa sababu nyumbani hufika saa mbili usiku. Nyuma yetu wanaume wawili wenye buti za ujenzi walikuwa wamepandisha kofia juu ya masikio ili wasikie.

Mama akanigeukia. Hakuwa na lawama, alikuwa anauliza kweli.

"Dada, huyu tunapanda naye kila siku. Mbona hatukumuuliza?"

Virginia ina uchaguzi kila mwaka, hilo nililijua, na wa mwakani ulikuwa bado mbele yetu. Nikatoa kalamu mkobani, nikahamia kiti cha mbele, nikamuuliza yule mwanamke kwanza jina lake, kisha saa anayotoka nyumbani.